Kijani Ikijaa, Zima

Kazi ya Brigid Wabuge, ukiivua majina yake makubwa, ilikuwa kuwasubirisha watu. Kwenye kadi ya ofisi waliandika kwamba ni mtayarishaji wa programu za kompyuta, na ni kweli alizitayarisha: za maduka ya dawa za mifugo, za maghala, za shule mbili tatu. Lakini wateja walimjua kwa vidirisha vyake. Unabonyeza kitufe, kompyuta inaingia kazini, na katikati ya skrini kinatokea kidirisha chenye mstari mtupu unaojaa rangi kutoka kushoto kwenda kulia. Chini yake pameandikwa: tafadhali subiri. Mstari ukijaa, kazi imeisha. Unaweza kudhani hilo ni pambo tu, na Brigid mwenyewe alidhani hivyo kwa miaka. Laiti lingekuwa pambo tu, kuna mtoto mmoja wa kituo cha Turbo angekuwa darasani leo.

Brigid alizaliwa karibu na Kimilili, akaja Eldoret kusoma chuo, akabaki, kama wanavyobaki wengi. Ana miaka thelathini na mbili, amepanga chumba mtaa wa Huruma, anaimba sauti ya pili kanisani, na hajawahi kugombana na mtu. Hiyo ya mwisho ndiyo sifa watu humpa kwanza. Wanakwaya wawili wakikorofishana, Brigid humwendea huyu akampa neno la kumtuliza, akamwendea yule akampa lake, na kufikia Jumapili wote wanaimba. Huwezi kusema anadanganya. Anajua tu mtu anataka kusikia nini, na mara nyingi humpa hicho hicho. Ni tabia nzuri kwa jirani. Kwa mtu anayeandika programu za kazi ni balaa, ila hakuna aliyemwambia mapema.

Ofisi yao iko mjini, juu ya duka la mabati na misumari, na mwenyewe ni Thuo, mtu wa bashasha anayejua kuuza. Mteja wao mkubwa alikuwa kampuni moja ya kusaga unga, yenye kinu mjini Eldoret na stoo za kununulia mahindi kwenye vituo vya biashara vya pembeni. Stoo ya Turbo ilikuwa chini ya karani mmoja, Tryphosa, ambaye hakuna aliyemwita Tryphosa. Kila mtu, kuanzia meneja hadi wapakiaji wa magunia, alimwita Mama Janice, kwa jina la binti yake wa pekee aliyekuwa Gredi ya Tano.

Mama Janice hakuwa karani wa kupima uzito peke yake. Alikuwa akipima sumu. Mahindi yakivunwa mvua ikiwa bado inanyesha, na wakulima wakaharakisha kuyatia gunia kabla hayajakauka, yanashika ukungu, na ukungu huo huleta sumukuvu inayoharibu ini. Huioni kwa macho wala huisikii kwa ulimi. Kwa hivyo alichukua mahindi kidogo kutoka kila rundo la magunia, akayasaga, akayachanganya na dawa kwenye kichupa, akachovya kikaratasi na kusoma mistari inayotokea. Rundo likiwa safi, lori linakuja kulichukua kwenda kusagwa. Likiwa na sumu, linakuja lori vilevile, ila linalipeleka kuchomwa.

Zamani rundo baya lilifungwa kitambaa chekundu, na dereva yeyote aliyefika pale alijua anabeba nini. Kisha kampuni ikanunua programu kwa Thuo. Meneja wa ununuzi, Bwana Kipyego, akasema mambo ya vitambaa yaishe, maana wageni wakiingia stoo na kuona nyekundu wanaanza maswali. Sasa karani angeingiza matokeo ya siku kwenye kompyuta, na jioni abonyeze kitufe yatumwe Eldoret. Rundo likitajwa baya, kinu kinalizuia. Lisipotajwa, kinu kinalihesabu zuri. Ndivyo kampuni yenyewe ilivyotaka, kwa sababu mabaya yalikuwa machache na kusubiri kibali cha kila rundo kungechelewesha malori.

Dirisha la kwanza aliloandika Brigid lilikuwa la kweli. Mstari ulisonga kadiri taarifa zilivyopokelewa Eldoret, hata hatua moja zaidi haukuongeza. Tatizo ni kwamba netiweki ya Turbo jioni ni ya kuvutwa kwa kamba. Mstari ulianza vizuri, ukasonga kidogo, ukaganda hapo. Makarani waliukodolea macho kama watu waliopanga foleni kwenye posho mill huku unga hautoki, kisha wakakata tamaa. Mmoja akachomoa waya. Mwingine akabonyeza kitufe mara nyingi mpaka taarifa zikafika zikiwa zimejirudia. Simu zikawa haziishi ofisini: imehang, njooni muione, hii kitu yenu ni mbovu.

Thuo alimwita Brigid mezani kwake, na hakumgombeza, maana hakuwa mtu wa kugombeza.

"Mteja hataki hesabu," alimwambia. "Anataka kuona kitu inasonga. Si uifanye tu isonge?"

Brigid akaifanya isonge. Ilimchukua mchana mmoja. Mstari mpya haukuhesabu chochote. Ulifuata saa ya kompyuta. Ulianza polepole, ukachangamka katikati, kisha ukapunguza mwendo karibu na mwisho, kwa sababu aliona kitu kinachomalizia kazi ngumu hupunguza mwendo. Ukijaa wote kijani, paliandikwa: imekamilika. Nyuma ya dirisha, taarifa zenyewe ziliendelea kwenda kwa kujikokota, bila kuonekana na mtu. Kwa kawaida zilifika. Brigid aliona hakuna aliyeumia. Na kwa kweli aliufurahia ule mstari. Aliuonyesha ofisini, wakamsifu, naye akavaa kilemba cha ukoka bila kuuliza.

Kosa lake kubwa hata hivyo lilikuwa jingine, na alilifanya bila kufikiri. Programu ilihitaji kukumbuka siku ipi imeshatumwa na ipi bado, ili iliyokatika ijaribiwe tena kesho yake. Brigid aliiandika iamini dirisha. Dirisha likisema imekamilika, siku hiyo inahesabiwa imetumwa, basi, hairudiwi. Wakati dirisha lilikuwa la kweli, hilo lilikuwa sawa. Alipoligeuza kuwa la kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, alisahau kwamba programu nayo ilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakilitazama.

Alikwenda Turbo mwenyewe kuwafundisha makarani wa stoo zote, waliokusanywa hapo. Umeme kule, mvua ikinyesha, huenda na kurudi unavyotaka, na stoo ilikuwa na jenereta ndogo ambayo petroli yake ilitolewa kwa kubaniwa. Mama Janice akauliza swali la mtu anayejua kutunza kitu. Je, akishabonyeza, akae na jenereta mpaka lini? Brigid alimjibu kwa wepesi, mbele ya wenzake, na makarani wakaligeuza jibu hilo kuwa wimbo wa kazi.

"Kijani ikijaa, zima."

Walipatana sana, hao wawili. Mama Janice alimpa chai ya maziwa na viazi vitamu, akamwonyesha picha za Janice akiwa na nguo za skauti, akamwambia mtoto huyo anapenda kompyuta na siku moja angempeleka ofisini kwao mjini aione kazi. Brigid akasema karibu sana. Alimaanisha.

Mwaka uliofuata mvua ilikataa kukatika wakati wa mavuno. Mahindi yaliletwa stoo yakiwa na joto ndani ya gunia. Jioni moja umeme ukiwa umepotea, Mama Janice alipima rundo lililokuwa kwenye kona na mstari wa kikaratasi ukatoka vibaya. Akapima tena, ukatoka vibaya zaidi. Akawasha jenereta, akaingiza matokeo, akabonyeza, akaketi kutazama. Mstari ukaanza polepole, ukachangamka, ukapunguza mwendo, ukajaa. Imekamilika. Akazima jenereta, akafunga stoo, akaenda nyumbani kupika.

Siku chache baadaye lori lilikuja na agizo la kuchukua rundo la kona. Mama Janice alifurahi. Aliwaambia wapakiaji kwamba siku hizi mambo ni ya haraka, juzi tu ametuma na leo wameshakuja kuyachoma. Hata akawahimiza waondoe na magunia ya chini kabisa, yasibaki yakaambukiza mengine. Dereva hakujua lolote kuhusu vipimo. Alikuwa na namba ya rundo na jina la kinu.

Kampuni hiyo ilikuwa na desturi ya kuwagawia wafanyakazi wote unga kila mwisho wa mwezi, na ni desturi iliyopendwa sana. Unga huo haukutolewa kwenye mifuko ya dukani. Mafungu madogo, yasiyotosha kujaza mashine kubwa, yalisagwa pembeni kwa ajili hiyo. Rundo la kona lilikuwa fungu dogo. Mwisho wa mwezi Mama Janice alipokea mfuko wake, akaubeba nyumbani kwa bodaboda, na familia ikala ugali. Mumewe Mulongo alikuwa kwenye kazi ya ujenzi Kitale wiki hizo, na Mama Janice mwenyewe alikuwa kwenye mfungo wa kanisa, akila kidogo sana. Aliyekula asubuhi uji na jioni ugali alikuwa Janice.

Ilianza kwa kutapika, wakadhani ni malaria. Kisha macho yakawa manjano na tumbo likajaa. Katika hospitali kubwa mjini madaktari walifanya walichoweza, na waliuliza mapema mtoto amekula nini, lakini ini lilikuwa limekwisha kazi. Janice alifariki asubuhi, mama yake akiwa amemshika miguu. Wiki hiyo hiyo alikufa mlinzi mmoja mzee wa kinu, mkaaji wa Langas, na wengine kadhaa walilazwa wakapona. Watu wa serikali wakachukua unga, wakaupima, na kila kitu kikajulikana upesi, isipokuwa jambo moja.

Jambo hilo ni nani wa kulaumiwa, na kampuni ilimpata bila kutafuta mbali. Eldoret hapakuwa na taarifa yoyote mbaya kutoka Turbo tarehe ile. Kompyuta ya Turbo ilionyesha kwamba ilizimwa kabla ya kumaliza kutuma. Bwana Kipyego akahitimisha kwamba karani hakutuma. Wakamfuta kazi mwili wa mtoto wake ukiwa bado mochari.

Brigid alisikia habari hizo ofisini, na aliposikia neno ilizimwa aliacha alilokuwa akifanya. Alifungua ile programu yake akafuatilia siku yenyewe hatua kwa hatua. Ilikuwa hapo yote. Taarifa zilikuwa zimeondoka Turbo, zimesafiri kwa shida, na zilikatika zikiwa zimebakiza kidogo kabisa. Rundo la kona lilikuwa la mwisho kwenye foleni. Jenereta ingenguruma dakika moja zaidi, pengine hata pungufu, lingefika. Lakini dirisha lilikuwa limekwisha kusema imekamilika, na programu ikaamini, haikujaribu tena siku iliyofuata wala iliyofuata hiyo.

Alimwonyesha Thuo. Thuo alisoma, akavua miwani. Kisha akasema hiyo ni user error, kosa la mtumiaji, mtu alizima mashine. Brigid akamkumbusha kwamba mtu alizima kwa sababu aliambiwa azime. Thuo akamsihi kwa upole kwamba ofisi ina watu tisa, wote wana watoto, na kusema hakutamfufua yeyote. Brigid, ambaye hajawahi kugombana na mtu, alitoka nje, akashuka ngazi hadi barabarani.

Alikwenda kwa Bwana Kipyego kwa miguu yake, na hili ni lazima tumpe. Alimweleza yote: dirisha, saa, wimbo wa kijani ikijaa. Kipyego alimsikiliza bila kumkatiza. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyekwisha kuandika ripoti.

"Kompyuta ilizimwa na nani?" akauliza.

Brigid akasema ilizimwa na Mama Janice, lakini... Kipyego akainua mkono, akasema hiyo lakini ampelekee wakili, akamshukuru kwa kuja.

Basi akabaki mtu mmoja wa kuambiwa. Brigid hakuwa na hakika kama anakwenda kwa ajili ya yule mama au kwa ajili yake mwenyewe, lakini aliona hawezi kuacha mwanamke azike mtoto akiamini amemuua kwa kidole chake. Alipiga moyo konde, akaomba ruhusa, akaenda mazishini.

Wazazi wake Mulongo wako upande wa Lugari, mbele kidogo ya Turbo. Kulikuwa na hema la kukodi, viti vya plastiki, sufuria kubwa za chai, na watoto wa shule waliovaa sare wakiwa wamekaa mstari mmoja bila kucheza. Walizika mchana. Matope yaligandamana kwenye viatu vya kila mtu. Mhubiri alisema maneno yake, na wanawake waliimba mpaka sauti zikakauka. Brigid hakuimba. Alisubiri watu wapungue.

Alimkuta Mama Janice nyuma ya jiko, ameketi kwenye mkeka, leso mabegani, kikombe cha chai mbele yake kikiwa kimefanya utando juu. Brigid alitaka kumsalimu kwa jina. Amwite nani sasa? Hakuwa na jingine.

"Mama Janice," akasema.

Mama Janice akamsogezea nafasi kwenye mkeka. Alimshukuru kwa kuja, akasema umbali huo na matope haya si kidogo. Kisha akaanza kusema yaliyokuwa moyoni bila kuulizwa, kwa sauti kavu, kama mtu aliyeyasema mara nyingi akiwa peke yake. Alisema watu wanamwambia asijilaumu, lakini hao hawakuwa pale stoo. Yeye alikuwa pale.

"Niliona kijani imejaa, nikazima vile ulitufunza," alisema. "Lakini pengine haikuwa imejaa vizuri. Niliogopa petroli itaisha. Niliharakisha, Brigi, ndio mtoto wangu ameenda."

"Ilikuwa imejaa," Brigid alisema. "Ile kijani haikuwa inahesabu kitu chochote, Mama Janice. Niliitengeneza ijae tu, ndio watu watulie. Kosa ni langu."

Alisema kila kitu, polepole, kwa maneno mepesi: dirisha la kwanza lililoganda, simu za malalamiko, dirisha la pili, na programu iliyodanganywa pamoja na watu. Mama Janice alimsikiliza akiwa amekikodolea macho kile kikombe. Hakulia wala hakumtukana. Brigid alikuwa amejiandaa kutukanwa, na alitamani atukanwe. Ndani ya nyumba mtu aliangusha vyombo, wakamgombeza, pakatulia tena. Hatimaye Mama Janice akainua uso, akauliza swali ambalo Brigid, kwa jinsi alivyojiandaa, hakulitarajia.

"Na ningengoja? Kijani ijae, lakini niwache jenereta kidogo tu. Ingefika?"

Brigid alimtazama. Aliijua ile dakika moja. Alikuwa ameiona kwenye kompyuta kwa macho yake, na tangu siku hiyo haikumtoka kichwani. Aliona pia uso ulio mbele yake, macho yaliyovimba, midomo iliyopasuka, na aliona wazi kile ambacho uso huo ulikuwa unaomba. Alikuwa amekuja kusema ukweli, na alikuwa ameusema karibu wote.

"Hapana," akasema. "Hata ungengoja mpaka asubuhi, haingefika."

Mama Janice akavuta pumzi. Mabega yake yakashuka kidogo, kisha kidogo tena, na mkono wake ukaenda kwenye kikombe, ukaondoa ule utando kwa ncha ya kidole. Akanywa chai iliyopoa. Brigid alikuwa ameona nyuso nyingi zikitulia hivyo mbele ya kazi yake, stoo kwa stoo, na siku zote alikuwa akifurahi.

"Sema tena," Mama Janice akamwambia.

Brigid akasema tena.

Siku hizi Brigid hayuko tena kwa Thuo. Anafanya kazi zake peke yake, chumbani kwake Huruma, na vidirisha anavyoandika husimama kazi inaposimama, hata mteja akikasirika. Wateja amebaki nao wachache. Mama Janice hajapata kazi nyingine. Anauza mboga Turbo, karibu na ile stoo. Jioni, karibu na wakati wa kufunga, mara nyingi simu ya Brigid hulia. Hakuna salamu ndefu. Mama Janice huuliza kana kwamba hajawahi kuuliza: ningengoja kidogo tu, ingefika? Na Brigid, akiwa peke yake mbele ya kompyuta, huiacha kazi, akamjibu hapana.